Kuvua Samaki wa Bwawani na Kumkausha kwa Moshi Nyumbani

(Haya ni mazungumzo waliyosomewa wakulima na wafanyakazi wa sehemu za Thika na Ruiru.)



Nimeombwa niseme juu ya samaki, nami najua wamo kati yenu watu ambao babu zao wasingekubali hata kumgusa. Katika nchi ya Wakikuyu ya zamani samaki hakuhesabiwa kuwa chakula. Mto ulikuwa wa maji, haukuwa wa kitoweo. Mambo yalianza kubadilika Thika ilipokuwa mji wa viwanda, wakaja watu wa Nyanza kutafuta kazi, na harufu ya samaki mkavu ikaja nao. Leo ukipita Makongeni au Ruiru mjini jioni, ni shida kumkosa mama anayekaanga perege kando ya njia.

Tena samaki hatoki ziwani peke yake. Ufugaji wa perege ulianza kujaribiwa Kenya mwaka 1924, na mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha Sagana, katika njia ya kwenda Nyeri, cha kuzalisha vifaranga. Lakini mabwawa yaliingia mashambani kwa wingi tangu mwaka 2009, serikali ilipoanza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kwa majimbo 140, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Mengi ya mabwawa hayo yamekwisha kumea nyasi. Watu husema chakula cha samaki ni ghali, na ni kweli. Lakini iko sababu nyingine ambayo haitajwi sana. Mtu avunapo samaki mia tatu kwa siku moja, naye mnunuzi akataka hamsini tu, wale wengine wataoza kabla ya jua la pili kuchwa. Barafu hana, na friji hana. Mtu aliyepata hasara hiyo mara mbili hachukui jembe kusafisha bwawa mara ya tatu. Ndiyo maana nataka tuzungumze habari za moshi.

Kwanza, kuvua. Usimpe samaki chakula siku moja kabla, ili tumbo liwe tupu. Vua alfajiri. Kwa kitoweo cha nyumbani, mshipi na ndoana vyatosha, na chambo kiwe mnyoo au donge la sima. Kwa mavuno, punguza maji ya bwawa, kisha watu wawili waushike wavu wa kukokota, mmoja huku na mmoja huku, wautembeze polepole, upindo wa chini ukigusa tope. Wavu wa macho makubwa huwaacha wadogo wapite wakue. Chandarua cha mbu chenye dawa msikitumie kabisa, kwa maana dawa ile huua samaki. Wala usivue wengi kuliko wanaoweza kuenea juu ya moto wako. Waliobaki majini hawaozi.

Kuvua mtoni ni jambo jingine. Kwanza muulizeni afisa wa uvuvi habari za leseni. Pili, fikirini maji yenyewe. Mito ya Chania na Thika hukutana pale Thika, maji yake yakaenda Tana. Maji ya Ruiru hushukia Athi, hata yakaingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Huku juu milimani maji ni safi, lakini yakipita mijini hupokea uchafu wa nyumba na wa viwanda. Moto huua vijidudu, lakini madini kama risasi na zebaki hauyaondoi. Kwa kweli, samaki akikauka, maji humtoka na madini hubaki, yakawa mengi zaidi katika kila tonge. Kwa hiyo mimi simshauri mtu kukausha samaki aliyevuliwa chini ya mji.

Sasa tumpare. Ondoa magamba, matumbo na mashavu, kisha mwoshe kwa maji safi. Mkubwa mpasue mgongoni umfungue kama kitabu. Mdogo mwache mzima. (Wale perege wadogo, ambao sokoni hakuna awatakaye, ndio wafaao zaidi kwa moshi, maana hukauka upesi.) Tia gramu 100 za chumvi katika kila lita ya maji, uwaloweke nusu saa au zaidi kidogo. Kisha watundike kivulini penye upepo, mbali na nzi, mpaka ngozi ikauke na kunata kidogo chini ya kidole. Watu wengi hawangojei hatua hii, nao ndio wanaolalamika kuwa samaki wao humeguka na kuanguka motoni.

Tanuri si lazima liwe la fedha nyingi. Pipa la chuma lililokatwa, lenye mlango wa kuni chini na waya juu, litafaa, mradi halikuwa la lami wala la dawa za mimea. Lililo bora kuliko hilo ni lile lililobuniwa Ghana yapata mwaka 1970, likaitwa Chorkor kwa jina la mtaa mmoja wa Accra. Hujengwa kwa udongo au matofali, lina milango miwili ya moto, na juu yake hupangwa chanja za mbao zenye waya, moja juu ya nyingine, hata chanja zenyewe zikawa ndilo bomba la moshi. Kuni huliwa kidogo, na mwanamke anayelitumia haharibu macho na mapafu yake kama akaaye juu ya moto wa wazi. Lijengwe nje, mbali na paa la nyumba na mahali walalapo watoto.

Kuni ziwe za mti mgumu uliokauka: mwati, mpera, mparachichi. Misonobari haifai, kwa utomvu wake mchungu. Mbao za ujenzi zenye rangi au dawa zina sumu. Na ninyi wa Ruiru mna mikahawa mingi, ambayo kuni zake huwaka vizuri. Lakini mikahawa hunyunyiziwa dawa za shaba, basi mimi ningelibambua gome kwanza.

Anza kwa moto mdogo muda wa saa moja. Ukianza kwa moto mkali, ngozi itakuwa ngumu na kuyafungia maji ndani. Kisha ongeza moto mpaka nyama iive, iachane na mfupa. Halafu punguza tena, ukiwageuza na kubadilishana chanja za juu na za chini, moshi ukiendelea saa nyingi, hata usiku kucha.

Na hapa naomba mnisikilize sana. Samaki huwa na rangi ya dhahabu baada ya saa mbili, naye huvutia macho, lakini huyo ameiva tu, hajakauka. Mle leo au kesho. Nyama ya samaki mbichi ni maji kadiri ya asilimia 80. Vijidudu vya kuozesha hushindwa kuzaana maji yakishuka chini ya asilimia 25, na ukungu hushindwa chini ya asilimia 15. Mtu hawezi kuyaona hayo kwa macho, lakini mzani wa dukani utamwambia. Pima samaki baada ya kumpara, na umpime tena. Kilo moja yapasa ishuke hata ifike kama robo kilo. Ikiwa bado ni nusu kilo, mrudishe motoni, hata kama rangi yake yapendeza namna gani.

Wengine wameniuliza juu ya nyama ya porini. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 ina adhabu kali, kwa hiyo wanyama wa Ol Donyo Sabuk tuwaache. Sungura wa kufugwa, mbuzi au ng'ombe hukatwa vipande vyembamba kama kidole, vikatiwa chumvi na kukaushwa vivyo hivyo.

Samaki aliyekauka apoe kabisa kabla ya kuwekwa. Mfuko wa nailoni usimfunge, kwa sababu jasho lake litaleta ukungu. Mtie katika kikapu au sanduku la karatasi lililotandikwa magazeti, juu ya uchaga usiofikiwa na panya. Kila juma mtazame. Ukiona unga mwembamba chini yake, wadudu wameingia, basi mrudishe katika moshi wa moto saa moja. Ukiona ukungu, mtupe. Siku ya kumpika, mloweke katika maji ya moto kidogo, umwage yale maji ya chumvi, kisha mchemshe kwa nyanya, kitunguu na njugu zilizosagwa. Kwa watoto wadogo, mama achambue miiba kwanza.