Bao la Babu

Wekeni kalamu chini kwanza. Nitawasimulia habari, kisha tutapiga hesabu, na mwisho nitawapa kazi ya kuandika.

Likizo ya Desemba iliyopita niliwapeleka watoto wangu wawili kwa wazazi wangu, katika kijiji kimoja cha pwani karibu na Pangani. Mkubwa ni msichana wa miaka 11, na mdogo ni mvulana wa miaka 7. Walikuwa hawajafika huko kwa muda mrefu. Tulipofika, bibi yao alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasema, "Mume wangu amekuja! Haya, umeniletea nini kutoka mjini?" Kijana akajificha nyuma ya dada yake. Kwetu pwani bibi humwita mjukuu wa kiume mume, na babu humwita mjukuu wa kike mke. Watoto wangu wamekulia mjini, kwa hiyo walishangaa. Lakini siku ya pili yule mvulana alikuwa akimwambia bibi yake, "Mke wangu, leo umepika nini?"

Alikuja na kigari cha plastiki kinachokwenda kwa betri. Siku ya tatu betri zikaisha, na duka la kijijini halikuwa na betri za namna ile. Basi akaanza kuchokora huku na huku ndani ya nyumba, kama watoto wafanyavyo, hata akafika chini ya kitanda cha babu yake, akavuta sanduku.

Mlikuwa na pia yangu ya zamani. Sikujua kuwa bado ipo. Babu yao ndiye aliyeichonga nilipokuwa mdogo, akaipigilia msumari katika ncha. Msumari ulikuwa umeshika kutu, tukausugua kwa mchanga. Nikaizungusha kamba, nikaitupa. Ilianguka ubavu. Nikaitupa tena, ikaanguka tena, watoto wakacheka sana. Mara ya nne ikasimama. Ikazunguka upesi kabisa, hata ukiitazama ungesema imetulia tuli, haiendi. Mwanangu akauliza, "Mbona haianguki?" Nikamwambia kuwa kitu kinachozunguka kwa kasi hushika mwelekeo wake, hakikubali kuinama kwa urahisi. Lakini ncha inasuguana na ardhi, na upepo nao unaizuia; kasi ikipungua pia huanza kuyumba, ndipo huanguka. Siku ile nzima hakuutaja tena ule motokaa wake.

Chini ya sanduku mlikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwa gunia. Binti yangu akakifungua. Lilikuwa bao, la mti wa mninga, lililochongwa na baba wa babu yao. Pembe zake zimelainika kwa mikono ya watu. Na kando yake kifuko cha kete, yaani zile mbegu za kijivu za mkomwe.

Akalibeba mpaka barazani, akamwekea babu yake mbele. "Babu, nifundishe."

Mzee akalitazama, kisha akatazama pembeni. Akasema, "Hilo halichezwi. Kete hazitimii."

Hapa shikeni kalamu, tupige hesabu pamoja. Bao la Kiswahili lina safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Nne mara nane ni 32. Kila mchezaji ana safu 2 za upande wake, yaani mashimo 16. Katika bao la kujifunza, ambalo ndilo la kuanzia, kila shimo huwekwa kete 2. Thelathini na mbili mara mbili ni ngapi? Ni 64. Binti yangu alimwaga zile kete mkekani akazihesabu mara mbili. Zilikuwa 61.

Kweli hazikutimia. Lakini nami niliona kuwa kete tatu si sababu ya kulifunga bao kwa gunia. Usiku mama akaniambia jikoni. Babu yao alikuwa akicheza bao hilo na mdogo wake, kila siku baada ya swala ya alasiri, miaka na miaka. Ndugu yake alipofariki, mzee alilifunga mwenyewe na kulitia chini ya kitanda. Ilikuwa mwaka wa nne sasa. Tangu hapo alikuwa akikaa barazani peke yake, na watu wakipita anawaitikia salamu tu. Mimi ni mwanawe, nilikuwa nikileta sukari na kanga kila nikija, na jambo hilo sikulijua.

Asubuhi yake bibi akawachukua wajukuu wake kwenda pwani kutafuta komwe. Mkomwe ni mti mtambaazi wenye miiba, huota katika vichaka vya karibu na bahari. Hata ganda la tunda lake lina miiba mitupu, na ndani yake hupatikana mbegu moja au mbili, ngumu kama jiwe. Walirudi karibu na adhuhuri. Mvulana amechomwa vidole, analia kidogo na kujivuna zaidi. Binti alikuwa na komwe 5 ndani ya kanga ya bibi yake.

Hakusema neno. Alichagua tatu, akazitia katika kifuko, akalipanga bao lote kete mbili mbili, akaketi ng'ambo ya babu yake akangoja.

Mzee alikaa kimya kitambo kirefu. Nami nilikuwa mlangoni, nikaogopa kuwa atainuka aende zake. Kisha akanyosha mkono, akachota kete za shimo moja, akasema, "Hivi ndivyo unavyoanza, mke wangu. Usitazame kete zako. Tazama zangu."

Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Anapapasa mashimo kwa vidole na kujua mara moja mna kete ngapi. Alimwonyesha namna ya kuzigawa moja moja, shimo kwa shimo, na namna ya kula kete za mwenzako. Alimwonyesha pia kuwa ukimalizikiwa na kete zote katika safu yako ya mbele, umefungwa, hata kama safu ya nyuma imejaa. Mzee mmoja jirani alipita, akasimama, akasema kuwa bao si mchezo wa wanawake. Babu hakuinua kichwa. Akajibu, "Huyu ni mke wangu, na hapa ni nyumbani kwetu." Yule jirani akacheka, akaketi kutazama. Kesho yake alikuja tena, mwenyewe akataka zamu.

Kwa muda wa majuma mawili binti yangu alilimaliza bao la kujifunza, akaingia katika bao lenyewe la Kiswahili. Hilo lina mambo. Kila mchezaji huanza kwa kupanga kete 10 tu: 6 katika shimo kubwa liitwalo nyumba, na 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani yake. Zinazobaki, 22, hushikwa akiba, na kila zamu huingizwa moja. Huko ndiko kunamua. Akiba zikiisha mchezo hubadilika na kuitwa mtaji. Mimi sikujua hata moja ya hayo. Nilipokuwa mtoto, wazee walipocheza tulifukuzwa barazani ili tusiwapigie kelele, na nilipokua nilikuwa mbali, shuleni. Aliyenifundisha ni binti yangu, ndani ya basi la kurudi, kwa kuchora mashimo katika daftari.

Bao ni mchezo wa heshima. Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wa waliolipenda. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikwenda Unguja kujifunza kwa mabingwa wa huko, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu yao. Lakini yale aliyoyajua ndugu yake baba, mbinu zake na maneno yake ya utani alipokaribia kushinda, hayamo katika kitabu chochote. Mzee anayakumbuka machache. Binti yangu amekwisha kuandika mawili.

Pia haikurudi mjini. Mvulana aliiacha kwa bibi yake, akamwambia amtunzie mpaka Juni, na akamkataza kuirudisha sandukuni. Bao nalo halikurudi ndani ya gunia. Nasikia jirani yule huja kila alasiri. Zile kete tatu mpya zinang'aa kuliko nyingine, na mzee anasema azitambua hata kwa kidole.

Haya, kazi yenu sasa. Katika nyumba yenu, au kwa mzee wa karibu, tafuteni kitu kimoja cha kuchezea cha zamani: bao, pia, mwanasesere wa gunzi la mahindi, kidau cha kifuu, chochote kile. Mwulizeni aliyenacho nani alikitengeneza, kwa mti au kitu gani, na kinachezwaje. Asipopenda kusema siku ya kwanza, msimharakishe. Kisha andikeni sentensi sita. Andikeni jina la kitu hicho kama yeye anavyolitamka, hata kama mahali pengine huitwa vingine. Wasioweza bado kuandika sentensi sita, waandike tatu, na mwalimu wa darasa atawasaidia.

Juma lijalo mje na madaftari yenu, na mwenye kitu chenyewe akilete, kama mzee amemruhusu. Kwa herini.