Mashine Haina Mapafu



Nimeombwa niseme ninavyotunga nyimbo nyumbani kwa kompyuta. Sikusomea muziki, do-re-mi nilifundishwa na kwaya hii. Usiku Msambweni ikitulia, watoto wamelala na stima ipo, nafungua programu ya MuseScore, ambayo hailipiwi, naandika soprano, alto, teno na besi. Nikibonyeza kitufe, sauti zote nne zinaimba bila kukosea.

Wimbo wangu wa kwanza niliuleta hapa kwa majivuno. Mstari wa tatu ukatushinda. Mzee wetu wa besi akauliza, "Mwanangu, hapa tutavuta pumzi saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Mashine haina mapafu, nami nilikuwa nimewasahau wenye mapafu. Akina mama wa alto nao wakaniambia nimekaza silabi isiyostahili. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kompyuta haijui hilo, itaimba vyovyote uandikavyo.

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikarekebisha: nikapunguza noti, nikaweka alama ya pumzi, ile koma ndogo juu ya mstari.

Mzee yule ametangulia mbele za Bwana. Koma yake ingalipo, ukurasa wa pili. Leo tukiufikia, tuvute pumzi pamoja.

Vijana wenye kompyuta, tungeni. Ila msiseme wimbo umekamilika kabla kwaya haijauimba na kuusahihisha.

Mungu awabariki.