JE, NI MUNGU ALIYEWATUMA?
Dominika ya 16 ya Mwaka A (Mt 13:24-43)



Miaka kadhaa iliyopita nilimzika kijana mmoja aliyeuawa na majambazi alipokuwa akirudi nyumbani kutoka mnadani. Waombolezaji walimwendea mama yake mmoja mmoja, wakamshika mkono na kumwambia maneno tuliyoyazoea misibani: "Kazi ya Mungu haina makosa." Mama yule alinyamaza mpaka jioni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba Padre, hivi wale watu walitumwa na Mungu?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo lilinishinda siku ile. Nilikuwa nimesoma teolojia kwa miaka mingi, lakini sikuwa na neno la kumpa. Leo Injili ya magugu katikati ya ngano inatudai tulijibu.

Katika mfano huo watumishi wanashangaa: bwana wao alipanda mbegu njema, magugu yametoka wapi? Jibu la mwenye shamba ni fupi: ni kazi ya adui. Hakukubali kwamba magugu ni yake. Basi na sisi tusimsingizie Mungu. Liko jambo ambalo Mungu analitaka, na liko jambo ambalo anaruhusu tu litokee, nayo hayo mawili hayalingani hata kidogo. Mauaji ya kijana yule hayakuwa kazi ya Mungu. Yalikuwa dhambi ya wanadamu, na makosa yake ni ya wanadamu.

Lakini mtauliza: kwa nini aruhusu? Je, Mwenyezi anashindwa kuuzuia mkono wa muuaji? Hashindwi. Ila tufikiri mpaka mwisho. Akiuzuia mkono wa muuaji, auache ulimi wa msingiziaji? Akiufunga ulimi huo, auache moyo wa mwenye kijicho? Mwishowe atafika kwangu na kwako. Tungebaki viumbe tusioweza kutenda ubaya, lakini tusioweza pia kupenda, kwa maana upendo wa kulazimishwa si upendo. Mungu alitaka kuwa na wana, hakutaka vinyago. Ndiyo sababu mwenye shamba anakataza kung'oa: mizizi imefungamana, na mara nyingi imefungamana ndani ya moyo mmoja.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Burundi, watu wenye silaha waliivamia Seminari Ndogo ya Buta, katika Jimbo la Bururi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wale walikataa. Aliyeweza kujiokoa kwa kutaja kabila lake hakukubali kumwacha mwenzake afe peke yake. Waseminari 40 waliuawa, nao wamezikwa pamoja pale pale Buta.

Tazameni, ndugu zangu: mahali pamoja, saa moja, hiari ile ile ya mwanadamu ilizaa mauaji, na ilizaa udugu ulioshinda hofu ya kifo. Mungu angewanyang'anya wauaji hiari yao, hiari hiyo isingebaki pia kwa vijana wale.

Je, nasema kwamba mauaji yale yalikuwa mema kwa kuwa yametupatia mashahidi? Hasha! Wazazi wao walitaka watoto warudi nyumbani likizo. Uovu unabaki kuwa uovu. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Mungu asingeuruhusu kamwe, kama asingekuwa na uwezo wa kutoa jema hata ndani ya uovu wenyewe. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakiri kwamba swali hili halina jibu la haraka. Imani yetu nzima ndiyo jibu. Hiari haielezi kila kitu: mtoto mchanga anayeugua hakuumizwa na dhambi ya jirani. Hapo maneno yangu yanakoma, nami nautazama Msalaba. Mungu hakumwepusha Mwanae na mikono ya watu wabaya. Alikaa upande wa wanaoumizwa, na siku ya tatu akaonyesha kwamba uovu hauna neno la mwisho.

Ninyi makatekista, mwendapo msibani, msiseme kwamba mauaji ni mapenzi ya Mungu. Keteni mkekani pamoja na wafiwa, nyamazeni, kisha salini. Wala mtu asidhani kwamba uvumilivu wa Mungu ni ruhusa ya kulala. Aliyeona na aseme, mwenye hatia afikishwe mahakamani. Kinachokatazwa ni kujifanya wavunaji kabla ya wakati, tukiwa na kiberiti na tairi mikononi.

Usiku ule wa mazishi vijana wa kijiji walikusanyika ili wakachome nyumba ya mtu waliyemshuku. Mama mfiwa alitoka, akasimama mbele yao, akasema: "Mwanangu ametosha." Wakatawanyika. Mimi padre sikuwa nimempa jibu. Yeye ndiye aliyenipa. Mungu hakumlazimisha kusema neno lile. Alilisema kwa hiari yake, na kwa hiari hiyo uovu ulikomea mlangoni pake.

Wiki hii, kila mmoja wetu ajiulize ni uovu gani uliomfikia yeye, nao unangoja ama aupokee na kuupitisha kwa mwingine, ama ukomee kwake. Tumwombe Bwana neema ya kuchagua vema.

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.