Hesabu ya Ndege Kuukuu

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitazama kutoka chini tu: namna shirika la ndege linavyopanga kuzibadili ndege zake za safari ndefu zinapochakaa. Pengine mtu atauliza, jambo hili lamhusu nini mwalimu au karani wa wilaya? Lamhusu sana. Katika nchi zetu ndege hizo hununuliwa ama kwa fedha za umma ama kwa mikopo iliyodhaminiwa na umma, na hesabu ikiharibika anayelipa si rubani. Hulipa hazina.

Kwanza hatuna budi kuondoa fikra moja. Ndege haifi kwa uzee kama basi linavyofia njiani. Wazee waliomo humu watazikumbuka Super VC10 za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, zenye injini nne mkiani, zilizobuniwa kwa viwanja vya juu na vya joto kama Nairobi. Shirika lilipokea tano. Moja iliangamia Addis Ababa mwaka 1972. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizobaki zilirudi kwa mtengenezaji, kisha jeshi la anga la Uingereza likazigeuza kuwa matangi ya kuzijaza mafuta ndege nyingine angani. Ya mwisho kati yake ilipumzishwa mwaka 2013. Basi ndege ambazo hazikuwa na faida tena kwa kubeba abiria ziliruka miaka mingine mingi. Kilichozishinda katika kazi ya abiria ni bei ya mafuta, wala si uchovu wa chuma.

Kwa hiyo swali la mhasibu si kama ndege itaruka. Swali ni kiasi gani cha mafuta itakula kwa kila kiti, ukaguzi mkubwa ujao utagharimu kiasi gani, na vipuri vyake vitapatikana wapi baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza. Gharama hizi zikipita zile za kulipia ndege mpya, hapo ndipo ndege imezeeka.

Sasa tutazame mfano wa jirani zetu wa Kenya Airways. Mwaka 2006 shirika hilo liliagiza Boeing 787 ili zichukue nafasi ya Boeing 767 zake. Mtengenezaji alieleza kuwa ndege mpya itatumia mafuta pungufu kwa takriban asilimia 20. Uamuzi huo haukuwa mbaya, na mimi siko pamoja na wale wanaousema vibaya leo. Lakini ndege zilizotazamiwa mwaka 2010 hazikufika. Kiwanda kilichelewa kwa miaka kadhaa, na mapema mwaka 2013 ndege zote za aina hiyo duniani zilizuiwa kuruka kwa sababu ya betri zake. Ya kwanza ilitua Nairobi Aprili 2014. Kutoka agizo hadi kutua ilikuwa miaka minane, na kwa muda huo wote ndege kuukuu ziliendelea kufanya kazi zikila mafuta ya bei ya juu.

Tatizo halikuwa ucheleweshaji peke yake. Mwaka 2012 shirika lilitangaza mpango wa miaka kumi wa kufikisha ndege zaidi ya 100. Hapa, ndugu zangu, naomba tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kubadili ndege iliyochakaa, na kuongeza ndege. Anayebadili ana abiria tayari, anayeongeza anawatumainia. Shirika lilifanya yote mawili kwa wakati mmoja. Lilipokea 787 tisa, na kando yake Boeing 777-300ER tatu zenye viti 400 kila moja. Ndege zikafika wakati abiria wamepungua, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 na ugonjwa wa Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2015 hasara ilikuwa shilingi za Kenya bilioni 25.7. Mwaka 2016 zile tatu kubwa zilikodishwa kwa shirika la Uturuki, na baadhi ya 787 zikaenda Oman. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya ikadhamini madeni ya dola milioni 750, na baadaye hazina ikalazimika kubeba sehemu kubwa ya mzigo huo yenyewe.

Walimu wa hesabu wanaweza kulipeleka darasani swali hili. Safari ya Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 kwenda, na kurudi ni pungufu kidogo. Je, ndege moja yaweza kuifanya kila siku? Haiwezi, maana kwenda na kurudi hupita saa 24 hata kabla ya kuhesabu muda wa kukaa uwanjani. Zahitajika mbili. Na moja ikiharibika, yahitajika ya tatu.

Hapo ndipo linapoingia suala la injini, ambalo magazeti hulipita haraka. Injini huchaguliwa kwa mkataba wake peke yake. Air Tanzania ilipokea 787 yake ya kwanza Julai 2018, yenye injini za Rolls-Royce. Zile za Kenya zina injini za General Electric. Majirani wawili wana ndege ya aina moja, wala hawawezi kuazimana injini! Mwaka 2025 Kenya Airways ilikuwa na 787 tatu kati ya tisa zilizokaa chini kwa kungoja injini, baada ya shirika kupata faida mwaka 2024 kwa mara ya kwanza tangu 2012. Faida hiyo ikageuka tena kuwa hasara katika nusu ya kwanza ya mwaka.

Ndege zile zilizofika 2014 zinatimiza miaka 12 mwaka 2026, umri wa ukaguzi wake mkubwa wa kwanza. Zitatimiza miaka 20 mwaka 2034. Foleni ya viwandani nayo ni ndefu: Boeing 777X iliyotazamiwa mwaka 2020 ilikuwa bado haijakabidhiwa kwa shirika lolote mwaka 2025. Ikiwa agizo lijalo nalo litachukua miaka minane kama lile la 2006, basi wa kuzipokea ndege mwaka 2034 hana budi kuwa ametia saini mwaka 2026, kabla madeni ya zile za kwanza hayajasahauliwa.