Bakshishi si Mshahara

 

Jumamosi moja ya mwezi uliopita kamati ya kanisa letu ilikaa mpaka usiku ikihesabu mahitaji ya mwaka. Njaa ikatushika, na mmoja wetu akaagiza chakula kwa simu, kama ifanyikavyo siku hizi mijini. Mvua ilikuwa ikinyesha. Baada ya karibu saa nzima kijana mmoja alifika kwa pikipiki, amelowa chapachapa, lakini chakula alikuwa amekifunika kwa koti lake mwenyewe na chapati zilikuwa bado moto. Tukaguswa. Tukachanga shilingi 200, tukampa ziwe bakshishi, naye akazipokea kwa mikono miwili. Tukarudi mezani tumefurahi, kila mmoja akijiona ametenda jema.

Mzee wetu mmoja alibaki naye mlangoni wakingoja mvua ipungue. Akamwuliza, "Mwanangu, kazi hii inalipaje?" Kijana akamjibu, "Mzee, nalipwa kwa kila safari. Petroli ni yangu, pikipiki ni ya mkopo. Nikingoja hotelini nusu saa chakula kiive, nusu saa hiyo hailipwi. Hizi mlizonipa ndizo zitakazorudisha petroli niliyochoma kuja hapa."

Mzee alipotuletea habari hizo, chapati zilitukwama kooni. Tulidhani tumetoa zawadi, kumbe tumelipa deni la mtu mwingine.

Huenda msikilizaji mmoja atasema: basi si mngeongeza bakshishi tu? Nasi tuliwaza hivyo kwanza. Lakini tazameni yaliyotokea Marekani, ambako desturi ya bakshishi ina mizizi mirefu kuliko kwetu. Kampuni iitwayo DoorDash, kati ya 2017 na 2019, iliwaahidi wapelekaji wa chakula kiasi fulani kwa kila safari, kisha ikaihesabu bakshishi ndani ya kiasi hicho. Tuseme ahadi ilikuwa dola 7. Mteja asipotoa kitu, kampuni ilitoa 7. Mteja akitoa 3 kwa moyo mweupe, kampuni ilitoa 4. Mpelekaji alipata 7 zilezile. Zile dola 3 mteja alidhani anampa mtu aliyepanda ngazi na mzigo. Kwa kweli alikuwa akiipunguzia kampuni gharama. Watu walipolalamika, utaratibu huo ukaachwa mwaka 2019, na Februari 2025 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 16.75 kumaliza madai ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York.

Katika jiji lenyewe la New York, wapelekaji zaidi ya 60,000 walikuwa wakipata kiasi cha dola 7 kwa saa ukiondoa bakshishi. Wakaungana, wakadai, na baada ya mabishano mahakamani jiji likaweka kima cha chini cha dola 17.96 kwa saa kuanzia Desemba 2023, kikafika 21.44 Aprili 2025. Hatusemi mambo yakawa mepesi. Baadhi ya kampuni zilihamisha mahali pa kutolea bakshishi katika simu, mteja akaulizwa baada ya chakula kufika, na bakshishi zikapungua sana. Hata hivyo ujira ukawa ujira, haukungoja tena mteja aamke na moyo gani.

Sasa fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Mstari wa 14 na 15 zinahusu kibarua maskini, awe ndugu au mgeni: alipwe siku ileile, jua lisitue kabla hajapewa chake. Mistari michache mbele, katika sura hiyohiyo, mwenye shamba anaagizwa auache mganda aliousahau, uwe wa mgeni, yatima na mjane. Hayo ni maagizo mawili. Hatuoni popote mwenye shamba akiruhusiwa kumwambia mvunaji, "Ujira wako nitaupunguza, maana utaokota masazo." Boazi naye alikuwa na wavunaji wake, na Ruthu alikuwa akiokota nyuma yao; ukarimu wake kwa Ruthu haukutoka katika vibaba vya wavunaji.

Basi hatusemi msitoe bakshishi. Toeni, na ikiwezekana mpeni mtu mkononi. Ila tusiifanye pazia la kutuficha tusiulize analipwaje. Na tukubali jambo moja la aibu: sisi wenyewe ndio wa kwanza kungoja siku ile kampuni inapotangaza kupelekewa chakula bure. Bure hiyo hutoka mfukoni mwa mtu.

Usiku ule, vyombo vilipoondolewa, mweka hazina akafungua tena daftari. Akasoma jina la mlinzi wetu wa usiku. Krismasi tulimpa mchele, mafuta na blanketi mbele ya washirika wote, na watu wakapiga makofi. Mshahara wake haujaongezwa tangu 2019, na miezi miwili mwaka huu aliupokea baada ya tarehe 15. Naye wakati huo alikuwa hapo nje langoni, katika mvua ileile, akimfungulia kijana wa pikipiki atoke.

Hapakuwa na mtu wa kusema neno. Mwishowe mama mmoja akapendekeza fedha zitoke katika fungu la viti vipya. Wako wasiolipenda wazo hilo, na viti vya zamani kweli vimechakaa. Tunakutana tena Jumamosi hii, na mshahara wa mlinzi ndio jambo la kwanza katika orodha. Tuombeeni.