Njia ya Baisikeli katika Pwani ya Mayo



Mwaka mmoja, kijana mmoja wa chuo chetu cha ualimu alikuwa akirudi chuoni jioni kwa baisikeli, akiifuata barabara kuu ya pwani. Lori likaja nyuma yake kwa kasi, likapiga honi, naye akaingia mtaroni. Mkono wake ulivunjika, na gurudumu la mbele likapinda kama ungo uliokaliwa. Nilipokwenda kumtazama hospitali, hakunilalamikia habari za mkono wala za baisikeli. Aliniuliza neno moja tu: “Mwalimu, hivi mtu wa baisikeli apite wapi?”

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta, katika vitabu na kwa watu waliosafiri, na usiku wa leo nataka kuwaelezeni mahali nilipolipata. Mimi mwenyewe sijafika huko. Lakini kuuliza si ujinga.

Mahali penyewe ni jimbo la Mayo, katika nchi ya Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Mayo imeelekea bahari ya Atlantiki, na huko iko ghuba iitwayo Clew Bay, yenye visiwa vidogo vingi hata wenyeji husema kwamba kila siku ya mwaka ina kisiwa chake. Kusini ya ghuba unasimama mlima Croagh Patrick, wenye urefu wa meta 764. Ukingoni mwa ghuba hiyo, upande wa kaskazini, inapita njia ya baisikeli na ya watu waendao kwa miguu. Yaanza mji wa Westport, yapita Newport na Mulranny, na kukoma Achill. Urefu wake ni kilometa 42, yaani maili 26. Ndani yake hapapiti motokaa wala lori.

Njia hii haikukatwa upya. Zamani ilikuwa njia ya reli. Gari la moshi lilifika Newport na Mulranny katika mwaka 1894, na mwaka uliofuata likaanza safari zake za kawaida mpaka Achill. Na watu wa Achill wana kumbukumbu nzito juu ya reli hiyo. Siku zile vijana wengi walikuwa wakivuka bahari kila mwaka kwenda Scotland kuchimba viazi, kwa maana mashamba ya kwao hayakuwatosha. Mwezi wa Juni mwaka 1894, mashua iliyowachukua vijana wa namna hiyo kwenda kupanda meli ilipinduka karibu na bandari ya Westport, wakafa maji watu 32. Reli ilikuwa bado haijafunguliwa mpaka Achill. Lakini gari la moshi likapelekwa huko kwa ajili yao, likirudisha maiti nyumbani. Hata mwaka 1937, majuma machache tu kabla ya reli kufungwa kabisa, vijana 10 wa Achill wakafa kwa moto huko Kirkintilloch, Scotland, katika banda walimolala. Nao pia wakarudishwa kwao kwa reli ile ile. Wazee husimulia kwamba jambo hilo lilikuwa limetabiriwa zamani, ya kuwa magari ya moto yataleta maiti mwanzo na mwisho wa safari zake.

Basi reli ikafa. Vyuma viking’olewa, na ardhi iliyobaki ikarudi mikononi mwa wakulima waliopakana nayo. Huyu akalaza ng’ombe pale, yule akajenga ua wa seng’enge, na miiba ikaota penginepo. Zaidi ya miaka sabini ikapita hivyo.

Sasa sikilizeni vema, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Watu walipofikiri kuifanya njia ile iwe ya baisikeli, hawakukuta ardhi tupu isiyo na mwenyewe. Walikuta mashamba ya watu. Tena walikuwa katika Mayo! Jimbo hili ndilo lililozaa Chama cha Ardhi katika mwaka 1879, wakulima wapangaji walipoungana kupinga kodi kubwa na kufukuzwa mashambani. Michael Davitt, mmoja wa waanzilishi wake wakuu, alizaliwa papo hapo Mayo, na daraja la Achill, mwisho wa safari yetu, linaitwa kwa jina lake. Sheria zilizofuata baadaye ziliwawezesha wapangaji kuyanunua mashamba waliyoyalima. Mtu ambaye babu yake aliipata ardhi kwa taabu ya namna hiyo, si rahisi kumwambia aifungulie wageni lango.

Halmashauri ya jimbo ingaliweza kutaka kuichukua ardhi kwa nguvu ya sheria. Haikufanya hivyo. Watu walikwenda shamba kwa shamba, wakaketi na wenye mashamba, wakawaomba. Wakulima nao walikuwa na maswali ya haki. Je, ng’ombe wangu watapotea? Mgeni akianguka na kuumia, atanishitaki mimi? Je, baada ya miaka nitaambiwa kwamba ardhi hii si yangu tena? Wakajibiwa moja moja. Nyua zilitengenezwa na malango yakawekwa, ili mifugo isichanganyike na wapitao. Dhamana ya wageni halmashauri ikaichukua juu yake. Na ardhi ikabaki kuwa mali ya mwenyewe: alichokitoa ni ruhusa ya kupita tu, wala si shamba. Hivyo sehemu ya kwanza, kutoka Newport mpaka Mulranny, kilometa 18, ikafunguliwa katika mwaka 2010, na njia nzima ikatimia mwaka 2011.

Labda mtauliza, kwa nini njia ya reli inafaa sana kwa baisikeli? Sababu ni hii. Gari la moshi halipendi mlima. Magurudumu yake ya chuma huteleza juu ya chuma, kwa hiyo mafundi wa zamani walikata vilima, wakajaza mabonde, na kujenga madaraja, ili mpando uwe mdogo kabisa. Mji wa Newport ungali na daraja lao la mawe lenye matao saba. Kazi ile iliyofanywa kwa ajili ya gari la moshi leo yamfaa mtoto na mzee. Mtu asiye na nguvu nyingi aweza kupiga pedali toka asubuhi, bahari ikiwa upande mmoja na milima upande wa pili, asiogope kitu nyuma yake. Akichoka, atapumzika Newport au Mulranny, apate chakula na maji. Apaswapo kuangalia sana ni mahali inapokutana na barabara na malango ya mashamba: hapo hushuka, hutazama kulia na kushoto, na lango alilolifungua hulifunga tena.

Wahenga wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo ilivyokuwa. Wageni walipokuja, wakahitaji baisikeli za kukodi, chakula na mahali pa kulala. Na vijiji ambavyo watoto wao walizoea kwenda mbali kutafuta kazi vikapata kazi kidogo nyumbani. Wengine wakaona, wakafuata. Katika mwaka 2017 ilifunguliwa njia nyingine kusini mwa nchi ile ile, katika jimbo la Waterford, yenye kilometa 46, na ndani yake mna handaki la meta 400. Lakini kule ardhi ya reli ilikuwa bado mikononi mwa shirika la reli la nchi. Mwenye kuombwa alikuwa mmoja. Kule Mayo walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na neno lake.

Pengine mtu atasema, “Ruhusa ni kitu dhaifu, aliyeitoa leo aweza kuiondoa kesho.” Ni kweli. Wala sitaki kuwaficha jambo hilo. Lakini ndiyo sababu mgeni huko hupita kwa adabu: hatupi takataka, haachi mbwa kusumbua kondoo, hachumi kisicho chake. Anajua kwamba yumo shambani mwa mtu. Na mwenye shamba naye, akiona ameheshimiwa, hana haja ya kufunga.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Mkono wake ulipona, naye leo ni mwalimu. Kwetu hatuna reli iliyokufa kando ya kila ghuba. Lakini tunazo njia za miguu zipitazo kati ya minazi na mikorosho, kutoka kijiji hata kijiji, ambazo watoto wangeweza kuzifuata kwenda shule pasipo kukanyaga barabara kuu. Mara nyingi zimezibika, si kwa sababu ya miti, bali kwa sababu jirani na jirani hawajaketi pamoja. Huyu aogopa mazao yake, yule aogopa mpaka wake, na mtoto huachiwa lori.

Basi mwanafunzi wangu aliponiuliza mtu wa baisikeli apite wapi, leo ningemjibu hivi: Apite pale ambapo wenye mashamba wameombwa kwa heshima, maswali yao yamejibiwa, na wamekubali apite. Jembe na kokoto huja baadaye.

Ninyi wazee mnaonisikiliza, mkikutana barazani kesho, ulizaneni ni njia gani kijijini kwenu inayoweza kufunguliwa, na ni nani apasaye kuombwa kwanza. Nanyi wanafunzi, mkifunguliwa lango, lifungeni nyuma yenu.