Soya: Ipike Kabla ya Kuisaga

Leo tutazungumza kuhusu soya, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Siku moja mama alileta kliniki mtoto wa miezi 9. Mtoto alikuwa akiharisha kila mara, na uzito wake haukuwa umeongezeka kwa miezi 2. Nikamwuliza mama anamlisha nini. Akanijibu, "Sista, si wewe ulituambia tutie soya kwenye uji?"

Kweli nilisema. Lakini nilisahau kueleza namna ya kuitayarisha, naye aliisaga ikiwa mbichi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Moto ndio unaoviondoa, na zile dakika chache za kupika uji hazitoshi.

Fanya hivi:

1. Chagua soya. Tupa mawe na punje zenye ukungu.
2. Tia soya kwenye maji yanayochemka, uiache itokote dakika 30.
3. Mwaga maji, isugue kwa mikono maganda yatoke, kisha uisuuze.
4. Ianike juani mpaka ikauke kabisa.
5. Ikaange bila mafuta hadi igeuke rangi na kunukia vizuri.
6. Changanya vikombe 3 vya mahindi au wimbi na kikombe 1 cha soya, upeleke kusaga.

Usisage unga mwingi. Soya ina mafuta, na unga wake ukikaa sana huharibika.

Je, kazi hii yote ina faida? Naam. Gramu 100 za soya kavu zina protini kama gramu 36, na mahindi ni gramu 9 hivi. Protini ndiyo inayojenga mwili wa mtoto, na si kila nyumba inaweza kununua nyama.

Nanyi wakulima wa Bungoma, Busia, Kakamega na Migori, soya hukomaa kwa miezi 3 hadi 4, na mizizi yake hurutubisha shamba kwa mahindi ya msimu unaofuata. Mkivuna, msiuze yote. Bakisheni gorogoro kadhaa za watoto.

Kumbuka, mtoto ambaye hajafika miezi 6 ni wa maziwa ya mama pekee. Maziwa ya soya unayotengeneza nyumbani hayachukui nafasi yake. Mtoto mkubwa, mwanzishie kidogo. Akitoka vipele au akivimba uso, acha na umpeleke hospitali mara moja.

Yule mtoto tulimpa ORS na zinki. Mama yake alienda akaitayarisha soya upya, na baada ya miezi 2 uzito ulianza kupanda.

Basi jirani akikuambia anatia soya kwenye uji wa mtoto, mwulize: uliipika kabla ya kuisaga? Kwaherini.